Andika, Mwanangu, Hata Kama Hakuna wa Kusoma

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Mombasa twamshukuru Mungu, sote wazima.

Kila usiku ukipiga simu waniuliza kama maji ya mfereji yametoka, kama mpangaji wa juu amelipa, nimekula nini. Nakujibu. Kisha twanyamaza sote wawili, halafu wasema una kazi asubuhi. Tangu arubaini ya mamako ipite hujamtaja kwangu. Sikulaumu hata kidogo. Kwetu mtu akifiwa huambiwa ajikaze, asubiri, kazi ya Mola haina makosa. Nami hayo nayaamini. Lakini kusubiri si kufunga mdomo. Ulisoma madrasa ukajua: Nabii Yaakub alimhuzunikia Yusuf hata macho yake yakawa meupe, naye ndiye huyo huyo aliyetaja subira njema, na ndiye aliyesema kuwa anamshitakia Mwenyezi Mungu huzuni yake. Aliitamka. Hakuimeza.

Shangazi yako alipokuja kwako aliona hulali, na pumu imeanza tena kukubana. Ndiyo maana nakuandikia. Kwenye simu ungenikatiza.

Nataka uandike, mwanangu. Uandike habari ya mamako na ya kifo chake, yote, mpaka yale usiyotaka kuyagusa.

Unajua kazi yangu. Umri wangu mzima bandarini Kilindini nimeandika makasha, magunia, tani, majina ya meli. Usiku wa kwanza nilipokaa na daftari kwenye meza ya jikoni, kilichotoka kilikuwa orodha ya karani: miwani, leso ya kisutu, chupa ya mafuta ya nazi, tasbihi, malapa ya msalani. Basi. Nikafunga nikalala. Usiku wa pili nikarudi kwenye ile miwani, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikiniuma kuliko vyote na sikujua kwa nini. Nikaandika mpaka nikajua. Baada ya alasiri yeye ndiye aliyekuwa akinisomea gazeti, mimi nimelala juu ya mkeka pale barazani, naye akifika habari ya kifo cha mtu asiyemjua husita, husema "Maskini," kisha huendelea. Niliandika hilo neno moja, "Maskini," nikalia kama mtoto. Nilipomaliza kulia kifua kilikuwa chepesi. Miwani bado iko mahali pake kwenye kabati, na sasa naweza kufungua kabati.

Usidhani ni hekima ya mzee tu. Mwaka 1986 huko Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi 46 wa chuo kikuu. Waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Baadhi waliandika mambo ya kawaida tu. Wengine waliandika mkasa mzito wa maisha yao: kuna walioeleza tukio peke yake, kuna waliomwaga uchungu peke yake, na kuna waliounganisha yote mawili, lililotokea na walivyohisi. Hao wa mwisho ndio walioonekana kwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Na sikiliza hili, maana ni muhimu: walipoinua kalamu walikuwa na huzuni zaidi kuliko walipoanza. Nafuu ilikuja baadaye. Kwa hiyo ukimaliza usiku wa kwanza ukajiona umeharibika zaidi, usiseme babako amekudanganya.

Mwaka 1999 mtafiti mwingine, Joshua Smyth, na wenzake waliwajaribu wagonjwa wa pumu na wa baridi yabisi ya viungo, dakika 20 kwa siku tatu. Miezi minne baadaye, kati ya walioandika juu ya machungu yao, karibu nusu walikuwa na nafuu ya kuonekana. Kati ya wenzao walioandika mambo ya kawaida, ni kama robo tu. Nimelisoma hilo nikakukumbuka wewe. Dawa yako ya kuvuta usiiache, nakusihi. Tafiti nyingi zimefuata tangu hapo, na zikijumlishwa pamoja zaonyesha faida ipo ila si kubwa. Mimi hata hiyo ndogo naitaka kwa ajili yako.

Huyo Pennebaker alihesabu pia maneno ya watu. Waliopata nafuu zaidi ni wale ambao, siku hata siku, "kwa sababu" na "sasa naelewa" ziliongezeka katika maandishi yao. Anayerudia kilio kile kile kila usiku hafiki popote. Basi ukishaandika kwamba iliuma, jiulize iliuma wapi, na kwa nini pale.

Mji wetu huu nao una ushahidi wake. Abdilatif Abdalla, mtoto wa Mombasa, alifungwa mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijikaratasi kilichoihoji serikali. Mle gerezani, akiwa peke yake, alitunga mashairi kwa siri akayaandika kwenye karatasi za chooni, na mwaka 1973 yakachapishwa kwa jina la *Sauti ya Dhiki*. Yeye alikuwa na neno la kuwaambia watu. Wewe si lazima umwambie yeyote. Sitaki kuyasoma, na sitakuuliza umeandika nini. Ukitaka kuchana, chana. Ukitaka kuchoma, choma.

Andika kwa mkono kama waweza, ila simu nayo si haramu. Usijali tahajia wala mpangilio, hakuna mwalimu hapo. Changanya Kiswahili na Kiingereza upendavyo, na kama kuna hasira, iandike hasira: kwa daktari wa zamu usiku ule, kwangu mimi, hata kwa mamako kwa kutokutuambia mapema kwamba anaumwa. Najua hiyo unayo, maana nami ninayo. Mtu huweza kumkasirikia marehemu na bado akamwombea rehema kila baada ya sala.

Kuna pahali pa kusimama pia. Ukifika kwenye jambo ukahisi kabisa kwamba litakuvunja, liache, andika lingine, litakusubiri. Na kama wiki zapita usingizi haurudi, chakula hakishuki, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, daftari halitoshi. Siku hiyo hiyo niambie, na uende kwa daktari au mshauri wa mambo ya akili. Hakuna aibu ndani yake, na nauli na malipo nitatoa mimi.

Shangazi yako anapanda treni ya Nairobi Jumapili kutoka Miritini. Nimempa daftari, kalamu mbili, na mahamri ya jirani. Mahamri mle siku hiyo hiyo, yatachacha.

Babako