Mheshimiwa Spika, "mchakato unaendelea" si jibu

Mheshimiwa Spika, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Urambo, Tabora. Nalima tumbaku. Bunge likikaa, naweka redio mlangoni pa bani, banda la kukaushia tumbaku, huku nafunga majani nasikiliza maswali na majibu kutoka Dodoma.

Msimu mmoja malipo yetu yalichelewa. Marobota yalishapimwa na kubebwa, sisi tukabaki na karatasi; nikakopa mahindi kwa jirani, na kukopa chakula ukiwa umevuna ni aibu nzito. Asubuhi moja mbunge akauliza kuhusu malipo ya wakulima. Akajibiwa kwamba mchakato unaendelea. Akauliza swali la nyongeza, akajibiwa vilevile. Kiti kikasema tuendelee. Nikazima redio.

Hilo neno "tuendelee" ndilo lililonifanya niandike.

Ibara ya 84 ya Katiba inasema Spika ndiye kiongozi wa Bunge, tena waziri haruhusiwi kuchaguliwa kuwa Spika. Kwa akili yangu ya mkulima, maana yake ni kwamba anayeuliza awe na mtu wa kumsimamia mbele ya anayejibu.

Hapa Urambo tulimwona Spika wa namna hiyo. Mzee wetu Samuel Sitta alikikalia Kiti kuanzia 2005 hadi 2010, akajulikana kwa "kasi na viwango". Wakati wake Bunge liliunda kamati teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Ripoti ikasomwa Februari 2008, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Sitta na Lowassa walikuwa chama kimoja, Mheshimiwa. Hilo silisahau.

Uingereza, Spika wa Bunge lao la chini huachana na chama chake akishachaguliwa. Sikuombi urudishe kadi. Naomba jambo dogo: jibu likija bila tarehe wala kiasi, usiseme tuendelee. Mwambie waziri arudi nalo kabla mkutano wa Bunge haujaahirishwa, na uitaje siku yenyewe hapohapo, redioni tukisikia.

Ukutani mwa bani langu nimeandika kwa mkaa uzito wa kila robota nililouza. Nafasi bado ipo. Siku utakayoitaja, nitaiandika hapo.

Mkulima wa tumbaku,
Urambo, Tabora