Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wauguzi na wakunga wenzangu,

Mambo ya fedha ataeleza mweka hazina. Wanaodaiwa ada wanajijua.

Mwaka huu nguvu yetu kubwa ilikwenda kwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ya akina baba baada ya mtoto kuzaliwa. Naanza na kosa langu. Kijana wa bodaboda alikuwa akimleta mkewe kliniki ya chanjo, yeye anabaki nje juu ya pikipiki. Siku moja alinuka pombe asubuhi, nikamfokea mbele ya foleni. Mkewe ndiye aliyeninong'oneza: usingizi hapati, chakula hagusi, mtoto hataki kumshika. Niliona ulevi, ugonjwa ukanipita.

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa Marekani mwaka 2010 yalikuta takriban baba 1 kati ya 10 ana sonona tangu ujauzito hadi mtoto afikishe mwaka, na wanaougua huwa wengi zaidi mtoto akiwa wa miezi 3 hadi 6. Sasa tazameni ratiba yetu ya chanjo: wiki ya 6, ya 10, ya 14. Hiyo ya 14 inaangukia humo humo, na baba mara nyingi yuko pale nje.

Mwanamume hakuambii ana huzuni. Hukasirika ovyo, hunywa, au hukimbilia kazi asirudi nyumbani. Dodoso la Edinburgh la kuchunguza sonona, la maswali 10, la mwaka 1987, lilitungwa kwa akina mama. Kwa baba nalo hutumika, ila alama za kutilia shaka hushushwa, maana wengi hawakubali kwamba wamelia. Basi tumekubaliana: mwite kando, anza na usingizi na hela, ndipo uulize moyo. Mama akiwa na sonona, baba naye achunguzwe. Akitaja kufa, asiachwe peke yake. Afike kwa mhudumu wa afya ya akili siku hiyo hiyo.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 humpa baba mwajiriwa likizo ya siku 4 za kazi. Wa bodaboda hana hata moja.

Waliolalamika kwamba kazi imezidi hawakukosea. Mimi pia nachoka.

Kijana yule nilimwomba radhi. Wiki ya 14 aliingia ndani, akakosa pa kukaa. Naomba benchi moja la akina baba. Fundi wa hapa Busia ametutajia bei. Tuijadili kwenye mengineyo.