Barua ya wazi kwa Msajili wa Wabunifu Majengo: mkagueni na anayetia sahihi

Kwa Msajili,
Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi.

YAH: HALI YA WAHITIMU KATIKA OFISI ZA UBUNIFU MAJENGO

Ndugu Msajili,

Shikamoo. Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu.

Nimemaliza chuo, niko Dar es Salaam, na ninafanya kazi chini ya mbunifu majengo ambaye Bodi yako inamtambua. Jina langu silitaji, wala la ofisi. Woga upo, sikatai, lakini kuna sababu nyingine: nikiitaja ofisi moja mjadala wote utaishia mlangoni pake, na nyingine zitashusha pumzi na kuendelea kama kawaida.

Ninachotaka tukizungumze ni sahihi ya msimamizi. Mhitimu haitwi mbunifu majengo mpaka apitie mafunzo ya vitendo chini ya aliyesajiliwa, ajaze logibuku, na msimamizi wake athibitishe kwamba kazi zilizoandikwa humo kweli amezifanya. Utaratibu wenyewe sina ugomvi nao. Nani angependa nyumba yake ichorwe na mtu ambaye hajawahi kusimama saiti akaona nondo zinavyofungwa? Tatizo ni kwamba anayeishika kalamu hiyo ndiye huyo huyo anayenilipa, anayepanga saa ya mimi kurudi nyumbani, na anayeamua kama Jumapili nitakuwa kanisani au mbele ya kompyuta. Ukigombana naye kwa moja, umegombana naye kwa yote. Ndiyo maana malalamiko ya ofisi zetu hayakufikii, na mafaili yako yanaweza kuwa safi kabisa wakati huku chini watu wanaumia.

Mhitimu hupokelewa kwa mdomo. "Njoo kwanza tuone uwezo wako." Anakuja na laptopu yake, programu zake na bando lake la intaneti. Mkataba hakuna. Mshahara hakuna, ila kuna kitu kinaitwa nauli, ambacho hutoka siku mteja akilipa au bosi akiamka vizuri. Muda wa kuangaliwa unaongezwa, unaongezwa tena, na kila akiuliza anaambiwa avute subira kwa sababu kuna mradi mkubwa unakuja. NSSF hawamjui. Hata hati ya mshahara ya kupeleka benki au kwa mwenye nyumba hana. Na huyo ni mhitimu; wadogo zetu wanaokuja fildi na barua ya chuo mkononi hata hiyo nauli wengi hawaioni.

Halafu kuna kukesha. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ugonjwa wetu ulipo. Dedilaini ya mteja ni Jumatatu, mabadiliko yanaletwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, na hakuna anayesema "tukeshe". Bosi anaaga, anawasha gari, anasema tu "asubuhi nizikute mezani". Basi watu wanabaki. Mmoja anahangaika na renda, zile picha za kompyuta za jengo, mwingine anapanga shiti za elevesheni, michoro ya sura za nje, mwingine amelaza kichwa kwenye meza akisubiri faili lifunguke. Saa nane usiku dada mmoja anaitiwa bodaboda ya kumpeleka Mbagala, kwa pesa yake, na dereva asiyemjua. Asubuhi saa mbili anatakiwa awepo, na akichelewa anaulizwa kama kazi imemshinda. Hao dada zetu wana mengine pia ya kusema, kuhusu safari za saiti za watu wawili na meseji za usiku ambazo hazihusu michoro. Hayo nawaachia wayaseme wao, siku watakapokuwa na pa kuyasemea.

Mazoea haya tumeyabeba chuoni. Studio ilitufundisha kwamba asiyelala ndiye mwenye kipaji, na kwamba anayekuja kwenye krit, kikao cha kukosolewa kazi zetu, na macho mekundu amejituma. Walimu wetu walifundishwa hivyo hivyo, na waliowafundisha wao nao vivyo hivyo. Ni malezi ya fani nzima, na simlaumu mtu mmoja. Isipokuwa studio ina mwisho wa muhula, na mwanafunzi anakesha kwa ajili ya alama zake mwenyewe. Ofisini tunakesha kwa ajili ya ankara ya mtu mwingine.

Na michoro inayotoka saa tisa usiku, Ndugu Msajili, ni michoro ya saa tisa usiku. Nimeona ngazi ambayo kwenye plani, mchoro wa kutazama kutoka juu, ina vidato 18, na kwenye seksheni, mchoro wa jengo kama limekatwa wima, ina 17. Haikugundulika ofisini, maana aliyepaswa kuikagua alikuwa amesinzia kando ya aliyeichora. Iligundulika saiti, na aliyeigundua ni fundi wa mbao aliyekuwa akipiga fomu, mbao za kumwagia zege. Mkandarasi alicheka wiki nzima. Bodi imeundwa kulinda wananchi dhidi ya kazi mbovu. Basi uchovu wa mchoraji ni jambo lenu kabisa, hata kama mshahara wake mtasema si lenu.

Maana najua jibu mtakalonipa. Mtasema mambo ya ajira yana wenyewe, na kweli yanao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, imesema yote. Saa 45 kwa wiki, tisa kwa siku. Saa za ziada ni kwa makubaliano, zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na zilipwe mara moja na nusu. Kazi ya usiku ina nyongeza yake. Mwajiriwa apewe kwa maandishi maelezo ya kazi yake, saa zake na malipo yake. Hata ule mtindo wa kumkata mtu pesa ya shiti za A1 zilizoharibika kwenye plota una masharti: aliyekosa awe ni yeye kweli, aelezwe kwa maandishi anadaiwa nini na hesabu imefikiwaje, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya malipo yake. Kwenye ofisi zetu mtu hukatwa pesa kwa sentensi moja tu: "Hiyo utailipa."

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo pia. Aliyeachishwa kazi kwa uonevu ana siku 30 za kufungua shauri, na kwa migogoro mingine ana siku 60. Sasa niambie, ni mhitimu gani atakayekwenda Tume ilhali logibuku yake imefungiwa kwenye droo ya anayemshitaki? Siku zinapita akiwa anahesabu kurasa zilizobaki. Sheria ya kazi haikuona kalamu yenu ilivyo na uzito, kwa sababu kalamu hiyo haikutoka kwake. Imetoka kwenu.

Niwatendee haki na mabosi. Wapo wanaolipa vizuri na kufundisha kwa moyo, nami nimewahi kuketi karibu na mmoja wao, akanionyesha kwa subira namna maji ya mvua yanavyotafuta njia kwenye paa. Na wengi wa hao wengine wanabanwa kweli. Mteja anapatana ada ya mchoro kama anapatana fungu la nyanya. Taasisi inachukua michoro leo na kulipa mwakani. Kijana mwenye kompyuta anauza ramani mtandaoni kwa bei ya suruali. Lakini ebu tujiulize, ofisi iliyosajiliwa inawezaje kushusha ada mpaka chini ya gharama na bado ikawasha taa? Inaweza kwa sababu wanaochora hawalipwi. Usiku wetu ndio punguzo analopewa mteja. Ofisi inayolipa mishahara, saa za ziada na NSSF haiwezi kushindana na bei hiyo, kwa hiyo wema ndio wanaokosa kazi. Bodi inaweza kupigia kelele ada zinazoshushwa hadi sauti ikauke. Bila kugusa kazi ya bure, ada zitaendelea kushuka.

Sisi si wa kwanza kukumbwa na haya. Mwaka 2019 mbunifu Junya Ishigami wa Japani alipewa heshima ya kubuni banda la kiangazi la jumba la sanaa la Serpentine pale London. Ikatoka hadharani barua pepe ya ofisi yake kwa kijana aliyeomba kujitolea: kazi kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa sita usiku, siku sita kwa wiki, bila malipo, na aje na kompyuta yake. Nilipoisoma niliona ni Dar es Salaam tupu. Watu wakapiga kelele, na Serpentine ikataka wote wanaofanya kazi ya banda hilo walipwe. Hata hivyo mfano ninaoupenda zaidi ni wa nyuma yake kidogo. Mwaka 2011 taasisi ya wabunifu majengo ya Uingereza, RIBA, iliweka sharti kwamba ofisi inayotaka kubeba hadhi yake iwalipe wanafunzi walau kima cha chini cha mshahara. Haikuwasubiri maafisa kazi wa serikali. Ilitumia kitu ilichokuwa nacho tayari mkononi, yaani jina lake, ambalo ofisi zinalitaka. Ninyi mna zaidi ya jina. Sheria Na. 4 ya 2010 imewapa daftari lenyewe, na asiyekuwemo humo haruhusiwi kufanya kazi hii.

Kwa hiyo ninaomba hivi. Mhitimu anapoanza mafunzo, Bodi ipokee nakala ya mkataba wake uliosainiwa pande zote mbili, na pasipo mkataba msimamizi asihesabiwe kuwa msimamizi. Ofisi inapohuisha usajili wake iulizwe ina wahitimu wangapi, na iambatanishe ushahidi wa michango yao NSSF. Karatasi mbili tu, na hakuna ofisi safi itakayolalamika.

La pili ni gumu zaidi, ila ndilo lenye uzito. Mhitimu aweze kuhama msimamizi bila kupoteza miezi aliyokwisha kuifanyia kazi. Kwa sasa akiondoka kwa ugomvi, kurasa zisizo na sahihi ni kama hazikuwahi kuandikwa. Lakini kazi ina alama nyingine. Kila shiti ina kisanduku pembeni, cha aliyechora na aliyekagua, pamoja na tarehe. Vikao vya saiti vina mihtasari yenye majina ya waliohudhuria. Mkandarasi na mkadiriaji majenzi wanatujua kwa sura. Bodi ikikubali ushahidi wa namna hiyo pale sahihi inapozuiliwa, bosi atabaki na mamlaka ya kufundisha na atapungukiwa na mamlaka ya kutisha. Mkilifanya hilo, simamieni pia kile kisanduku kijazwe kwa ukweli, maana ofisi nyingi hukiacha wazi, au zinaandika herufi za bosi hata kwenye choo cha mlinzi alichokichora mtu wa fildi.

Na siku ya mwisho, mhitimu anapokuja mbele ya jopo lenu, mwulizeni alilipwaje, alifanya kazi saa ngapi, na alitendewaje. Mwulizeni baada ya kumsajili, akiwa na cheti chake mkononi. Kabla ya hapo atawaambia kila kitu kilikuwa kizuri.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhitimu wa ubunifu majengo,
Dar es Salaam.

Nakala: Kamishna wa Kazi.