Mama, kazi imeisha, narudi nyumbani

Mama shikamoo, na salamu kwa wote hapo nyumbani wakubwa kwa wadogo. Mimi mzima alhamdulillahi. Nimeona niandike kwa sababu hii habari kwa simu singeiweza, ningelia na wewe presha ingepanda.

Kazi imeisha. Jumatatu ya juzi mudiri, yaani meneja, aliniita ofisini saa nne asubuhi, nikadhani ni hesabu ya stoo ya mwisho wa mwezi, nikaingia na daftari langu mkononi. Akanipa barua, notisi ya siku 30, ati kampuni inapanga kazi upya. Miaka 14 mama, tangu 2011 niko hapa Dubai, Al Quoz, kwenye godauni hilo hilo moja, kila kontena iloingia nliihesabu mimi. Hakunambia hata keti.

Mwakumbuka 2020 wakati wa korona nilipowaambia mwezi huu ntatuma nusu? Mzee mwenye kampuni alituita sote tulobaki, tukasimama mbali mbali na barakoa zetu, akasema mshahara utakatwa nusu kwa muda. Karatasi zilikuwa tayari mezani, upande mmoja Kiarabu upande mwengine Kiingereza, kila mtu akatia sahihi. Ilipofika zamu yangu akaniweka mkono begani akasema wewe ni mwanangu, utakaa hapa mpaka uchoke mwenyewe, hakuna wa kukutoa. Wallahi nililia siku ile kwa furaha, na usiku nikakupigia nikakwambia mama usiwe na wasiwasi mimi kazi yangu iko. Sasa mzee anaumwa yuko kwake, kampuni kaishika mwanawe, na nilipomkumbusha maneno ya babake akaniuliza swali moja tu, imeandikwa wapi? Nikabaki kimya. Ile ya kukatwa mshahara iliandikwa nikatia sahihi kwa mkono wangu, hii ya kubaki nliambiwa kwa mdomo tu.

Pesa za kumaliza kazi nitapewa, hilo sheria ya huku inawalazimu, siku 21 za mshahara kwa kila mwaka ile miaka 5 ya kwanza, halafu siku 30 kwa kila mwaka ulozidi. Kwangu zimetoka siku 375. Lakini wanahesabu kwa besiki peke yake, yaani mshahara wa msingi bila marupurupu, na besiki yangu ni dirham 1,800 ingawa kwa mwezi nilikuwa napokea 4,500, kwa sababu kila nikiongezwa waliongeza kwenye alawansi, hayo marupurupu, na mimi nafurahi naona pesa imepanda, sikujua wapi imeandikwa. Kwa hivyo ni dirham 22,500, kama laki saba na kitu za Kenya. Mwambieni fundi wa nyumba ya Utange asimamishe hapo hapo kwenye linta, mabati tutazungumza nikifika.

Mdogo wangu, hapa nakuandikia wewe, na nisomee mpaka mwisho. Unaniambia una miaka miwili kwenye yadi ya makontena hapo Changamwe, kila Jumamosi unalipwa kama kibarua, na supavaiza anakwambia usijali wewe ni wetu. Ndugu yangu, muulize karatasi. Sheria ya kazi ya Kenya ya 2007 yasema kazi ya miezi mitatu na kuendelea lazima iwe na mkataba wa kuandikwa, na kibarua alofanya mfululizo mwezi mzima si kibarua tena. Na wakikupunguza kwa sababu kazi imepungua wakupe notisi ya mwezi na malipo ya siku 15 kwa kila mwaka, lakini utadai vipi kama huna hata kitu cha kuonyesha ulikuwa hapo? Piga picha kadi yako ya getini, meseji za M-Pesa za mshahara usizifute, andika tarehe ulizoingia. Ami 2019 mizigo ya bandarini ilipopelekwa kwa SGR, ile reli mpya, yeye pia alikuwa keshaambiwa lori lake halitakosa kazi, si ulimuona alivyokaa barazani miezi na miezi, na watu wakiandamana mjini Jumatatu baada ya Jumatatu. Mimi nliyaona hayo nikiwa huku nikamsikitikia, na mwenyewe nikakaa miaka yote hii na neno la mdomo.

Mama usimlaani mtu, nakujua. Yule mzee naamini alisema kwa moyo wake, na nikimaliza kufuta viza ntakwenda kumtazama kabla sijaondoka.

Ntakwambieni siku ya ndege. Msije wengi erpoti ya Moi, aje ndugu yangu peke yake, na aje na hiyo karatasi au aniambie alivyojibiwa. Daftari langu la makontena nimelitia kwenye begi, hakuna aloliuliza. Nipikieni mbaazi za nazi.

Mwanao