Baba, uliniuliza kwa nini wazungu wanafunga mazizi

Shikamoo Baba, shikamoo Mama, na nyie wengine wote hamjambo. Mimi mzima, baridi ndo inaanza kulegea, theluji inayeyuka na barabara za vijijini ni tope tupu maana zaidi ya nusu ya barabara za jimbo hili la Vermont huku Marekani hazina lami, kwa hiyo kufika kwa wazee ninaowahudumia msimu huu ni shughuli.

Baba, siku ile kwenye simu uliniuliza hivi watu wenye matrekta na mashine za kukamulia wanafungaje mazizi, nikakujibu juu juu kwa sababu nilikuwa naingia kazini, lakini swali lako nimekaa nalo na leo niko ofu nataka nikujibu vizuri. Tena nimeambiwa unafikiria kuuza lile shamba la bondeni, kwa hiyo soma mpaka mwisho tafadhali.

Kwanza ujue Vermont ni kajimbo kadogo. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 643,077 tu, yani hata mkoa wetu wa Njombe una watu wengi kuliko jimbo zima na eneo halipishani sana. Makao makuu ni Montpelier, mji wa watu kama 8,000, ndo makao makuu ya jimbo madogo kuliko yote Marekani. Na hao watu wachache wenyewe ni wazee, zaidi ya 1 kati ya 5 ana miaka 65 au zaidi, na kwa miaka kadhaa sasa wanaokufa ni wengi kuliko wanaozaliwa. Uzazi uko chini kabisa ukilinganisha na majimbo mengine. Wanafunzi wa shule walikuwa zaidi ya 100,000 miaka ya 1990, sasa hivi hawafiki hata 90,000, na kila mwaka kunakuwa na mabishano shule ipi ifungwe, watu wanalia kwenye mikutano kwa sababu shule ikifungwa kijiji kimebaki jina.

Sasa ng'ombe. Miaka ya 1940 jimbo hili lilikuwa na mashamba ya maziwa karibia 11,000. Leo hayafiki 500. Ila Baba sikiliza hapa, maziwa hayajapungua, yameongezeka! Ng'ombe mmoja wa sasa anatoa karibu lita 30 kwa siku, na mashamba yaliyobaki ni makubwa, mengine yana ng'ombe mia nane, elfu moja, yanakamua usiku na mchana. Maziwa mengi yanayotoka kanda hii yote ya New England, yani majimbo sita ya kaskazini mashariki, yanatoka Vermont. Kwa hiyo usije ukadhani wanafunga kwa sababu hawajui kufuga au watu wameacha kunywa maziwa. Wanafuga vizuri mno, na hilo ndo linaloniuma.

Kinachowaua cha kwanza ni bei. Mkulima hapangi bei ya maziwa yake, hata ushirika wake haupangi peke yake. Kuna utaratibu wa serikali kuu uliotokana na sheria ya 1937, bei inapigwa kwa hesabu kutokana na bei ya jibini, siagi na maziwa ya unga nchi nzima, inatangazwa kila mwezi, na mara nyingi mkulima anakuja kujua kamili atalipwa shilingi ngapi wakati maziwa yameshaondoka na lori, na nauli ya hilo lori anakatwa yeye. Wanauza kwa paundi 100, ambazo ni kama kilo 45. Mwaka 2009 bei ilianguka mpaka kama dola 11 au 12, mwaka 2014 ikapanda ikapita dola 24, halafu ikaanguka tena. Hebu fikiria unalipa mkopo wa trekta kwa bei ya namna hiyo. Na unashindana na mashamba ya Idaho, Texas na California yenye ng'ombe maelfu kwenye ardhi tambarare, wakati hapa ni milima na mawe na majira ya kulima ni mafupi.

Na si mara ya kwanza kwao. Mwaka 1811 bwana mmoja anaitwa William Jarvis, alikuwa balozi mdogo kule Lisbon, alileta kondoo wa merino kutoka Ureno, basi jimbo zima likaingia kwenye sufu, ikifika 1840 kulikuwa na kondoo kama milioni 1.7 kwa watu wasiofika 300,000. Misitu ikakatwa milima ikabaki kipara. Halafu reli na mifereji ikafungua maeneo ya magharibi mwa Marekani, sufu ya bei rahisi ikaja, kondoo wakaisha na vijana wakahamia hukohuko magharibi. Kati ya 1850 na 1900 watu waliongezeka kutoka 314,000 mpaka 343,000 hivi, miaka 50! Waliobaki ndo wakageukia maziwa na siagi ya kupeleka Boston kwa treni. Sasa hivi misitu imerudi, karibu robo tatu ya jimbo ni miti, na ukitembea ndani ya msitu unakuta kuta za mawe zimepita katikati ya miti mikubwa, zilikuwa mipaka ya mashamba ya watu.

Kitu kingine wazee wananisimulia sana ni tenki. Miaka ya 1950 wanunuzi waliacha kupokea maziwa ya kwenye keni, wakataka kila mtu awe na tenki la kupoozea shambani. Kwa usafi ni jambo zuri sana silipingi, lakini mwenye ng'ombe 10 au 15 tenki lile hakuliweza, akauza. Hakuna aliyemfukuza, kigezo kilibadilika tu na yeye hakuwa na pesa wala mtu wa kuchangia naye. Nawaza ushirika wetu hapo nyumbani, siku mnunuzi akija na kigezo kama hicho mtakuwa mmejipangaje?

Baba, cha pili, na hiki ndo nilitaka kukueleza hasa, ni mrithi.

Kazi yangu unaijua, nazunguka majumbani kuwahudumia wazee, kuwaogesha, kuwapa dawa, kuwapikia. Nyumba nyingi ninazoingia ni za wakulima waliostaafu. Kuna mzee mmoja ana miaka 80 na kitu, alikamua tangu mtoto, ng'ombe alishauza zamani lakini mpaka leo saa 10 alfajiri yuko macho anakaa dirishani. Mtoto wake wa kiume alifanya kazi na baba yake tangu anamaliza shule mpaka anafika miaka arobaini na kitu, na muda wote huo hati ina jina la baba, mkopo una jina la baba, ng'ombe wote wa baba, yeye anapewa kahela ka matumizi na kuambiwa hii yote siku moja itakuwa yako. Hiyo siku moja haikufika. Mke akachoka, kijana akaondoka akaenda kuendesha malori, na mzee akabaki na ng'ombe 60 na magoti mabovu. Wakauza wote kwa mnada siku moja. Mke wa mzee ananiambia hakuna siku waligombana na mtoto wao, walikuwa wanapendana, tatizo hilo jambo hawakulizungumza kamwe, kila mtu alikuwa anamwonea mwenzake aibu.

Na ugonjwa ukiingia mambo yanakuwa mabaya zaidi. Nyumba za kulelea wazee huku ni ghali kupita maelezo, na bima ya serikali ya wasio na uwezo hailipi mpaka mali zako zimepungua sana, na ukisema ugawe haraka haraka wanaangalia ulichogawa miaka 5 ya nyuma. Kwa hiyo mzee ambaye hakupanga mapema anaweza kuona shamba la babu yake linaishia kwenye malipo ya kitanda.

Unajua kilichonishangaza zaidi? Miaka ya 1960 na 70 jimbo hili lilipata vijana wengi sana, walitoka mijini, wamesoma, wakaja kununua ardhi wakati ilikuwa rahisi, wanataka kulima na kuishi maisha ya kawaida. Wenyeji waliwacheka mwanzoni, lakini wengi walibaki, ndo walioanzisha mambo ya kilimo hai na jibini za kienyeji na masoko ya wakulima. Wale vijana ndo hawahawa ninaowaogesha sasa. Hakuna wimbi lingine kubwa kama lile lililokuja nyuma yao, kwa sababu ardhi na nyumba havishikiki tena. Karibu nyumba 1 kati ya 6 hapa ni ya mapumziko, mwenyewe anakaa Boston au New York anakuja kuteleza kwenye theluji. Kijana anayetaka kuanza kufuga anashindana na mtu kama huyo kununua ekari, ataweza wapi.

Serikali ya jimbo imejitahidi, hilo niseme haki. Kuna mpango wa 1978 ardhi ya kilimo na msitu inatozwa kodi kwa thamani ya kilimo, si kwa bei ambayo tajiri angeinunulia. Pia mkulima anaweza kuuza haki ya kujenga kwenye shamba lake, analipwa pesa, shamba linabaki lake ila haliruhusiwi kugeuzwa viwanja milele, na kwa sababu hiyo bei yake inashuka na kijana anaweza kulinunua. Mimi naona hii ndo akili kubwa kuliko zote waliyofanya. Walijaribu mpaka kuwalipa watu wahamie, mwaka 2018 walipitisha mpango wa kumpa mtu anayefanya kazi kwa kompyuta mpaka dola 10,000 akihamia huku. Wakaja baadhi, lakini mtu wa kompyuta hakamui ng'ombe.

Wanaokamua ni Wamexico, wengi wanatoka Chiapas kusini kabisa. Viza ya kazi za shamba ni ya msimu, na maziwa hayana msimu, ng'ombe anakamuliwa kila siku Krismasi hadi Krismasi, kwa hiyo sheria imeacha pengo na hawa watu wanaishi kwa kujificha. Kutoka kwenda dukani ni woga. Jimbo lilianza kuwapa kibali cha kuendesha gari mwaka 2014 bila kuulizwa karatasi za uhamiaji, ikasaidia, lakini mwezi wa 4 mwaka 2025 walikamatwa wafanyakazi 8 kwenye shamba moja kule Berkshire karibu na mpaka wa Kanada, na woga ukarudi upya. Wakulima wenyewe wanasema wazi bila hawa watu maziwa yangesimama. Inauma kuona mtu analisha jimbo zima halafu anaogopa kwenda kununua mkate.

Sio kwamba kila kitu kimekufa lakini. Sensa ya kilimo ya 2022 ilihesabu mashamba ya kila aina zaidi ya 6,500, mengi madogo, mwenye shamba ana kazi nyingine pembeni. Na kuna sirapu ya mepo, ile miti yenye jani lililoko kwenye bendera ya Kanada. Mwezi huu ndo wenyewe, usiku iwe barafu mchana joto kidogo, utomvu unashuka, wanavuna kwa mipira iliyotandazwa msitu mzima, wanachemsha galoni 40 kupata galoni 1. Karibu nusu ya sirapu yote ya Marekani inatoka hapa. Huko vijana wapo, nadhani kwa sababu wenyewe wanaweza kuuza kwa jina lao na bei yao. Na Burlington kuna ndugu zetu wakimbizi kutoka Kongo, Burundi, Wasomali Wabantu, wamepewa viwanja vya kulima kandokando ya mto, wanalima mchicha na nyanya chungu, ukipita unasikia Kiswahili unajisikia kulia. Mafuriko ya Julai 2023 yaliwamaliza maana mboga ikiguswa na maji ya mafuriko hairuhusiwi kuuzwa, halafu Julai 2024 tarehe zilezile mvua kubwa ikaja tena sehemu nyingi za jimbo. Bado wengi wakarudi kupanda.

Baba, sikukatazi kuuza, shamba ni jasho lako na la Mama. Ila mwanao Meshaki yupo hapo nyumbani, anaamka anakamua, na simu ya juzi aliniambia kwa sauti ya chini anafikiria kwenda Makambako kufanya bodaboda. Hajakwambia, na mimi nakwambia kwa sababu bora ukasirike sasa. Ana miaka 29 na hana hata mtamba mmoja wa kwake. Mpe mitamba miwili iandikwe jina lake kwenye daftari la ushirika, maziwa yake yalipwe kwake, na eneo la bondeni mkubaliane mbele ya Mama na baba mdogo nani atalima nini, iandikwe na mtendaji aweke muhuri. Mimi na dada tulioko mbali tutasaini kwamba hatudai sehemu ya bondeni, nimeshaongea naye amekubali.

Jumapili jioni ya huko nitapiga, Mama awepo na Meshaki awepo, simu iwekwe spika. Kabla ya hapo naomba Meshaki anitumie picha ya daftari la maziwa la miezi 6 iliyopita na gharama za pumba na dawa, nataka tupige hesabu pamoja kama mitamba miwili inamtosha kuanzia au tuongeze wa tatu, wa tatu nitachangia mimi.

Mwanenu,
Neema