Malalamiko kuhusu mfumo wa kukwepa vikwazo katika chombo chenu cha chini ya maji

Kwa Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Chombo mlichotuuzia, kinachojiendesha chenyewe chini ya maji, kiligonga kamba ya boya letu la vipimo kikanasa hapo mpaka wapiga mbizi walipokwenda kukitoa. Pezi moja limevunjika, na pua iliyobeba sona, kifaa kinachotuma sauti na kusikiliza mwangwi wake ili kutambua vilivyo mbele, imepasuka. Fundi wenu ametujibu kwamba tungeweka alama ya boya hilo kwenye ramani ya safari. Alama ilikuwepo. Lakini chombo kikishazama hakipati GPS. Hukadiria kilipo, na kosa la makadirio huzidi kadiri safari inavyorefuka. Ndiyo maana tulilipia mfumo wa kukwepa vikwazo.

Mwongozo wenu unasema sona hupiga mara moja kwa sekunde, na programu haiuamini mwangwi mpaka ujirudie katika mipigo mitano mfululizo. Sababu tunaijua: sauti hudunda kwenye uso wa maji na kwenye sakafu ya bahari, samaki nao hurudisha mwangwi, na chombo kinachokwepa kila kitu hakimalizi kazi. Ila kamba nyembamba hurudisha mwangwi hafifu, haionekani mpaka iwe karibu. Pigeni hesabu wenyewe. Kwa mwendo mnaoupendekeza, mita 2 kwa sekunde, kamba iliyoanza kuonekana ikiwa mita 10 mbele itathibitishwa zikiwa zimebaki mita 2. Hapo chombo hakiwezi tena kugeuka. Sauti husafiri baharini takriban mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo ucheleweshaji huu hautokani na maji. Ni uamuzi wenu.

Hata kingeiona mapema, amri pekee mliyokipa ni kuinua pua na kupanda. Kwa mwamba, sawa. Kamba ya boya hutoka kwenye nanga hadi juu kabisa. Anayepanda anaifuata tu. Kupunguza mwendo nako si dawa, kwani mapezi yasiposukumwa na maji ya kutosha hayaongozi kitu.

Kinachotuudhi kuliko vyote ni kumbukumbu za safari. Zimeandika "hakuna kikwazo" hadi sekunde ya kugonga, bila mwangwi wenyewe kuhifadhiwa. Hatuwezi kujua kama sona haikuiona kamba, au iliiona lakini programu ikaipuuza, na ninyi pia hamwezi. Mnawezaje kurekebisha msichokiona?

Tunadai pua na pezi vibadilishwe kwa gharama yenu. Programu ihifadhi mwangwi ghafi, iruhusu kugeuka kushoto au kulia, na ituachie kupanga idadi ya mipigo ya uthibitisho. Tunataka pia mtueleze kwa maandishi sona yenu huona kamba nyembamba kutoka umbali gani. Tangazo lenu linataja umbali wa ukuta peke yake.

Mpaka tupate majibu, chombo hakitashushwa majini, na malipo ya matengenezo ya mwaka tumeyasimamisha.

Wenu,
Msimamizi wa Vipimo vya Baharini