Shangazi, kabla fundi hajachonga neno "Kapteni"

Shikamoo Shangazi.

Najua barua hii utasomewa na mmoja wa wajukuu, na najua akifika katikati utamwambia, "Ebu rudia hapo." Nimeiandika hadharani kwa sababu kwenye kundi la ukoo nimejaribu mara tatu. Kila nikituma maelezo, dakika kumi hazipiti yameshafunikwa na picha za maua za kutakiana asubuhi njema na hesabu za michango ya saruji. Na fundi wa marumaru amesema Jumamosi anaanza kuchonga jiwe la kaburi.

Maneno uliyompa nimeyaona. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, jina la baba yake Bibi. Chini yake: "Kapteni wa Jeshi la Kijerumani, aliyeanguka vitani Tanga 1914." Halafu Bibi. Basi.

Shangazi, hakuwa kapteni. Na hakufa Tanga.

Tulia kwanza, nikueleze nilivyofika huko.

Unakikumbuka kile kitabu cha nyimbo kisicho na jalada, kilichokaa miaka yote kwenye sanduku la Bibi chini ya kanga, ambacho ulikuwa ukitufinya masikio tukikigusa? Ukurasa wa kwanza una mstari wa wino uliofifia. Tulikua tukidhani ni sala. Kumbe ni jina lake, jina la kijiji chake, na siku aliyopata kipaimara, mwaka 1897. Watoto wa Kilutheri huko kwao hupata kipaimara wakiwa na miaka 14 hivi. Nikapiga hesabu, nikapata 1883.

Kijiji kiko Württemberg, kusini mwa Ujerumani, juu kwenye milima ya chokaa inayoitwa Schwäbische Alb, si mbali na mji wa Laichingen. Serikali ya Ujerumani ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo kwa nchi nzima tarehe 1 Januari 1876. Ukitaka ya kabla ya hapo, ni kanisani. Na Wawürttemberg, Shangazi, ni watu wa kuandika. Vitabu vya ubatizo waliagizwa kuvitunza tangu 1558. Tangu 1808 kila usharika ukawa pia na daftari la familia, kaya moja na ukurasa wake: baba, mama, watoto wote walivyofuatana, kila mmoja na siku ya kuzaliwa, kipaimara, ndoa na kifo. Siku hizi daftari hizo zimepigwa picha na unazisoma mtandaoni kwa kulipia, mahali panapoitwa Archion. Nikalipia mwezi mmoja.

Mwezi ule ukaisha sijasoma hata mstari.

Si kwamba sikujua Kijerumani tu. Mwandiko wao wa zamani ni kitendawili. Herufi e imeandikwa kama n. S ndefu inafanana na f. U wameivisha kikofia juu ili usiichanganye na n, ila mchungaji akiwa na haraka kofia anaiacha. Kwenye safu ya kazi ya baba mtu niliona neno nikalinakili kama lilivyo: "Wnbnr". Nililala nalo siku nne. Siku ya tano nikakumbuka habari ya e na n, nikabadilisha, likatoka "Weber". Mfumaji. Niliruka kitandani kama aliyepata jibu la mtihani.

Kwa hiyo, Shangazi, babu yako hakutoka kwenye nyumba ya mabwana. Baba yake alikuwa mfumaji wa kitani. Wafumaji wa upande ule wa Laichingen walifanyia kazi chumba cha chini ya nyumba, nusu shimo, kwa sababu unyevu unazuia uzi usikatike. Mchana kutwa mtu yuko chini ya ardhi na taa. Halafu vikaja viwanda vya mashine, na ukijua bei ya kanga ya kiwandani ilivyowafanya wafumaji wetu, huna haja nikueleze zaidi.

Ukurasa wa familia yao una watoto tisa. Watano wana alama ya msalaba karibu kabisa na siku ya kuzaliwa. Nikaenda kwenye kitabu cha mazishi kuangalia sababu. Wiki tatu: "Gichter". Miezi mitano: "Gichter". Mwaka mmoja kasoro: "Gichter". Neno hilohilo kwa wote watano, kwa mwandiko wa wachungaji wawili tofauti. Nikalitafuta. Ni mtoto mchanga kukakamaa na kutupa mikono, macho yakigeuka.

Degedege, Shangazi. Wameandika degedege.

Nilifunga kompyuta nikatoka nje kidogo. Wewe mwenyewe ulishanisimulia ndugu zako wawili waliokwenda hivyohivyo kule mlimani, na Bibi akiwa na mwingine mgongoni. Yule mama wa Kijerumani aliyekufa 1921, ambaye hakuwahi kujua kwamba ana mjukuu Usambara, angekaa jikoni na Bibi wasingehitaji mkalimani kwa hilo.

Baba yake Bibi ni mtoto wa saba. Kwenye mstari wake, upande wa kulia ambako wenzake wana tarehe za ndoa, kuna maneno mawili na mwaka: "nach Ostafrika 1908". Kwenda Afrika Mashariki. Msalaba hana. Kwenye daftari la kwao, mpaka leo yuko hai.

Basi nikarudi upande wetu. Mwezi wa nane mimi na binamu tulipanda pikipiki mpaka kwenye ule usharika wa zamani, jina nisilitaje, maana mchungaji alitusaidia kwa imani na sitaki apate foleni ya watu mlangoni. Vitabu viko kwenye kabati la chuma. Kimoja panya wamekila pembe moja, tarehe za ukurasa mzima zimekwenda na maji. Wamisionari wa Bethel walifungua kituo chao Mlalo mwaka 1891 na toka hapo waliandika kila kitu. Ukishazoea kurasa za Württemberg, hizi za Usambara unazisoma kama gazeti: safu zilezile, mwandiko uleule, ila majina ni ya kina sisi.

Mwisho wa kitabu cha mazishi kuna kurasa chache za Wazungu. Yumo. Jina, kijiji kilekile, umri miaka 30. Amezikwa Januari 1914. Sababu: "Schwarzwasserfieber", ile homa ya mkojo mweusi iliyowamaliza Wazungu wengi wenye malaria waliokuwa wakimeza kwinini leo na kesho wakaacha. Safu ya kazi: "Tischler". Hili sikuhitaji siku nne. Seremala.

Vita vya Tanga vilikuwa tarehe 3 hadi 5 Novemba 1914. Alikuwa kaburini miezi kumi.

Sasa huyo kapteni alitoka wapi? Nadhani najua, nawe utanisahihisha. Sakarani, pale Soni, ambapo leo watawa wa Kibenediktini wana shamba lao, palikuwa shamba la Kapteni Tom von Prince. Watu walimwita Bwana Sakarani. Yeye ndiye aliyeuawa Tanga, tarehe 4 Novemba 1914. Kila mzee wa Usambara alikua akisikia habari zake. Mtoto anayetaniwa njia nzima kwamba ni chotara, mtoto wa Mdachi, yaani Mjerumani, asiyejulikana, akisikia kuna Mdachi aliyejulikana na kila mtu, atafanyaje? Sisemi Bibi alidanganya. Nasema hadithi zilikuwa jirani, zikahamia nyumbani kwetu.

Na hata hivyo si Bibi. Nimeona ndoa yake, 1934, imeandikwa Kiswahili kwa wino wa buluu. Jina la baba limeandikwa kwa kusikia: ile Sch ya mwanzo imekuwa Sh, mwishoni wamebandika i ili litamkike. Kisha: "Mdachi, fundi seremala wa Shume, amekufa." Maneno hayo ni nani aliyempa mwandishi kama si bibi harusi mwenyewe? Bibi alijua. Shume kulikuwa na kiwanda kikubwa cha mbao za mierezi, Wajerumani wakipaita Neu-Hornow, na mbao zilishushwa kwa waya wa angani mpaka reli ya Mkumbara. Wazee wa huko bado wanasimulia habari za ule waya. Ndiko alikokuwa akila mkate wake. Na lile kabati la Bibi lisilo na msumari hata mmoja, ambalo tulishindana nani alirithi, hebu litazame tena.

Uliniomba picha ya kaburi la wazazi wake, uiweke kwenye kijitabu cha ibada. Niliandika kwenye ofisi ya kanisa la kijiji. Walijibu kwa upole: halipo. Ujerumani kaburi ni la kupanga, Shangazi. Unalipia miaka 20, 25, mahali pengine 30, muda ukiisha na hakuna wa kulipa tena, jiwe linaondolewa na mahali anapewa mwingine. Niliisoma barua ile mara mbili. Kwao kinachobaki ni kitabu. Kwetu kaburi linabaki chini ya mparachichi, na kitabu wamekula panya. Nimewatumia tarehe ya Januari 1914 ili nao wamwandikie msalaba wake.

Sasa hili ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu, hayo mengine ungeweza kunipuuza.

Pentekoste, tarehe 31 Mei 1914, kitabu cha ubatizo. Namba mbili zinazofuatana. Ya kwanza ni mwanamke mtu mzima: jina lake la nyumbani kwa Kishambaa, halafu jina alilochagua la ubatizo. Ya pili ni mtoto wa kike wa miezi miwili. Mama: yule wa mstari wa juu. Baba: wamepiga kistari.

Mtoto ni Bibi. Alizaliwa baba yake ameshazikwa. Na mtu mzima hakubatizwa siku hizo kwa kujitokeza tu Jumapili. Alikaa darasani muda mrefu na kuhojiwa mbele ya watu. Maana yake alikuwa darasani huku ana mimba, alikuwa darasani wiki ile wanamzika yule mtu kwenye kurasa za Wazungu, ambako hakuna aliyeandika kwamba ameacha mke wala mtoto. Akaendelea kwenda. Siku ilipofika akasimama na mwanawe, namba juu ya namba.

Ndiye aliye chini ya mparachichi, ambaye wewe na baba mlikuwa mkimpelekea maji ya kunywa shambani. Ile marumaru yako inasimikwa miguuni pake, na jina lake halimo. Nilikuuliza kwa simu, ukasema, "Yule hakujua kusoma." Shangazi!

Ninachopendekeza ni hiki. Juu liwe jina lake, la nyumbani na la ubatizo, yote mawili kama yalivyo kitabuni. Kisha jina la yule kijana, lililoandikwa kwa tahajia ya kwao, na neno "seremala", 1883 hadi 1914. Kisha Bibi.

Fundi nimeshampigia. Anatoza kwa herufi, na amehesabu mwenyewe: hata tukiongeza jina la yule mama tunabakiwa na chenji, kwa vile ule mstari wa Tanga ni mrefu. Anachotaka ni sauti yako tu, si yangu. Jumamosi saa mbili asubuhi anawasha mashine. Nipigie Ijumaa, hata usiku, sitakuwa nimelala.